Mzazi, dereva asiyemtarajia mwanao huchelewa kushika breki

Ni Jumamosi, saa 6 mchana, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mama mmoja ana mfuko wa sare za shule mkono wa kulia, na mkono wa kushoto amemshika mwanaye kifundo cha mkono. Si vidole, maana vidole huchomoka. Mbele yao guta limejaa maboksi ya vyombo, nyuma kijana anasukuma toroli huku akipiga kelele, "Mzigo, mzigo huo!" Bodaboda wanapenya kila palipo na upenyo. Mama hamwachii mtoto mpaka wamefika upande wa pili, na hata hapo anamwachia kwa shingo upande.

Kesho yake, Jumapili, mama huyohuyo na mtoto huyohuyo wako Kivukoni. Wametoka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na wanashuka taratibu kuelekea Feri kununua samaki. Ofisi zimefungwa, barabara ni nyeupe, upepo wa bahari unapita. Mtoto ametangulia hatua kumi mbele akirukaruka. Mama yuko kwenye simu, anajibu ujumbe wa dada yake.

Mama huyu hana jina kwa sababu ni wazazi wengi wa Dar es Salaam, na akina baba wamo. Kariakoo tunawabana watoto kama fedha taslimu, tukifika sehemu tulivu tunawaachia. Inaonekana ni busara ya kawaida: penye vurugu kuna hatari, penye utulivu kuna usalama.

Lakini kuna swali ambalo wachache hujiuliza. Kati ya dereva wa jana pale Msimbazi na dereva wa leo hapa Shaaban Robert, yupi alikuwa anategemea kumwona mtoto barabarani?

Robo tatu ya sekunde

Mwaka 2000, mtafiti wa masuala ya ajali Marc Green alikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizopima kitu kimoja: muda unaopita tangu kitu kitokee mbele ya gari mpaka mguu wa dereva ukanyage breki. Wataalamu huuita muda wa kuitikia.

Alipoyapanga matokeo hayo, aliona kwamba kinachobadilisha muda huo kuliko kitu kingine ni matarajio. Dereva anayejua kwamba huenda akalazimika kufunga breki muda wowote hutumia takriban sekunde 0.7 hadi 0.75. Akikutana na jambo la kawaida ambalo hakulitegemea wakati huo, mfano taa za breki za gari la mbele kuwaka, hutumia kama sekunde 1.25. Akishtukizwa kabisa, kama mtu anapochomoka ghafla pembeni, inafika kama sekunde 1.5.

Kwa maneno mengine, dereva aliyeshtukizwa huchukua muda mara mbili ya yule aliyejiandaa.

Sekunde ni kitu kidogo kukisikia, kwa hiyo tuzigeuze ziwe mita. Sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi na ya mji. Gari linalokwenda mwendo huo hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliyejiandaa atakuwa amesogea kama mita 10 kabla breki haijaanza kushika. Aliyeshtukizwa atakuwa amesogea karibu mita 21. Tofauti hiyo ni Hiace mbili zilizopangwa mkia kwa pua. Na hapo gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Bado kuna umbali mwingine wa breki zenyewe, matairi na hali ya lami.

Gari ni lilelile, breki ni zilezile, dereva ni yuleyule na hajanywa chochote. Kilichobadilika ni kile alichokuwa anakitarajia.

Hili linawahusu pia vijana wanaojisifu kwamba wana mguu mwepesi. Wepesi wa mguu upo, lakini mguu husubiri amri kutoka kichwani.

Ubongo huanza kazi mapema

Jambo hili si jipya kwa wanasayansi. Mwaka 1868, daktari Mholanzi Franciscus Donders wa mji wa Utrecht alifanya jaribio ambalo bado linafundishwa vyuoni. Alimpa mtu mshtuko mdogo wa umeme kwenye mguu wa kulia au wa kushoto, na mtu huyo alitakiwa kujibu haraka kwa mkono wa upande uleule. Wakati mwingine aliambiwa mapema ni mguu upi utakaoguswa, wakati mwingine hakuambiwa. Alipokuwa hajui, alichelewa kwa takriban sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde.

Mwaka 1953 Mmarekani Ray Hyman alitumia taa badala ya umeme. Baadhi ya taa aliziwasha mara nyingi, nyingine mara chache. Watu walizijibu haraka zile zilizozoeleka na kwa kuchelewa zile za nadra, ingawa macho na mikono yao ni ileile.

Lakini jaribio lenye somo kubwa kwa mzazi ni la Michael Posner, pia wa Marekani, lililochapishwa mwaka 1980. Posner aliwaonyesha watu mshale unaoelekeza upande ambao taa ingetokea. Mara nyingi mshale ulisema kweli, mara chache ulidanganya. Mshale ukisema kweli, watu waliwahi. Ukidanganya, walichelewa kuliko hata walipokuwa hawajapewa mshale wowote.

Rudia hapo mzazi, maana ndipo penye kiini cha habari hii. Asiyetarajia kitu huchelewa, na anayetarajia kitu kisicho sahihi huchelewa zaidi.

Sababu yake ni kwamba kutarajia si kuwaza tu. Ubongo unapotegemea jambo fulani, huielekeza akili upande huo na kuanza kuandaa misuli kabla jambo lenyewe halijatokea. Ukitokea upande mwingine, kwanza inabidi akili iachane na kule ilikokuwa imeelekea, ndipo igeuke. Kugeuka huko kunakula muda.

Wapenzi wa riadha walilishuhudia hili kwa macho yao Agosti 28, 2011, mjini Daegu, Korea Kusini. Usain Bolt, mtu mwenye kasi kuliko wote duniani, aliondoka kabla ya bunduki kwenye fainali ya mita 100 na akatolewa. Mwili wake ulikuwa umeandaliwa kiasi kwamba uliondoka wenyewe. Katika mbio hizo, mkimbiaji anayeondoka chini ya sekunde 0.1 baada ya mlio huhesabiwa ameotea, kwa sababu inachukuliwa kwamba hakuna binadamu anayeweza kusikia na kusukuma mguu kwa muda mfupi hivyo. Ndiyo maana pia mwanzishaji wa mbio habaki na muda uleule kila mara kati ya kusema "jiandae" na kufyatua. Angefanya hivyo, wakimbiaji wangehesabu tu kichwani.

Jaribu nyumbani na rula

Huhitaji maabara. Chukua rula ya sentimita 30. Mwambie mtoto aweke mkono wake kwenye ukingo wa meza, kidole gumba na cha shahada vikiwa wazi. Shika rula kwa juu ili namba sifuri iwe katikati ya vidole vyake bila kuvigusa. Mwambie ataikamata utakapoiachia.

Mara ya kwanza, hesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu," kisha achia. Rudia mara tatu nne mpaka azoee mapigo. Halafu badilisha: achia bila kuhesabu. Mara ya mwisho, mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka 50 au akusimulie mpira wa jana, na katikati ya hadithi uiachie.

Soma namba alipokamatia. Rula iliyoshuka sentimita 15 imetumia takriban sekunde 0.17, ya sentimita 20 imetumia 0.2. Ikishuka yote 30 bila kukamatwa, tayari ni karibu robo ya sekunde. Mtu mzima aliyejiandaa mara nyingi hukamata kati ya sentimita 15 na 20. Wanaosimulia mpira wengi huiacha ianguke sakafuni, na mtoto atacheka sana zamu yako ikifika.

Baada ya kucheka, muulize anadhani dereva anayeongea na simu ameshika rula gani kati ya hizo.

Kariakoo, mahali panapotisha

Turudi Msimbazi. Pamoja na vurugu zake, Kariakoo ina sifa moja ambayo haionekani kirahisi: hakuna dereva anayeingia pale asitegemee mtu kumkatiza. Mwenye gari dogo, dereva wa daladala, kijana wa bajaji, wote wanajua kwamba hatua mbili mbele kutatokea mama na kikapu, machinga na ndoo ya vyombo au kuli na mzigo begani. Mguu unakaa karibu na breki muda wote. Na hata wangetaka kukimbia, pa kukimbilia hapapo.

Zile kelele za "mzigo, mzigo huo!" nazo ni mshale wa Posner unaosema kweli. Anayesikia tayari amegeuza mwili kabla hajaona toroli.

Mwaka 2003, Mmarekani P. L. Jacobsen alichapisha utafiti uliolinganisha takwimu za miji na nchi za Marekani na Ulaya. Alikuta kwamba palipo na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wengi, hatari kwa kila mmoja wao hupungua. Maelezo aliyoyaona yana mantiki zaidi ni kwamba madereva hubadili mwenendo wao wanapotegemea kukutana na watu.

Hii haina maana kwamba Kariakoo ni salama. Kariakoo ina mishale inayodanganya, na mzazi anatakiwa kuijua kwa majina.

Wa kwanza ni njia ya mwendokasi. Tangu mabasi hayo yaanze kusafirisha abiria Mei 2016, Mtaa wa Msimbazi na Barabara ya Morogoro zimekuwa na njia zao katikati. Foleni ya magari ya kawaida inaposimama, macho yanamwambia mtembea kwa miguu kwamba barabara yote imesimama. Anapita kati ya magari mawili yaliyotulia, kichwa kimeshafika ng'ambo, na ghafla yuko kwenye njia ambayo haina foleni. Basi la mwendokasi halimsubiri mtu. Mtoto aliyeaminishwa na foleni kwamba mambo yametulia ana matarajio yaliyopotoka, na dereva wa basi naye hamtegemei mtu kutokea katikati ya magari.

Wa pili ni bodaboda kwenye mtaa wa njia moja. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo shuleni watoto hufundishwa kuangalia kulia kwanza. Ni mafunzo sahihi. Kwenye mtaa wa njia moja mtu huangalia upande mmoja tu, kule magari yanakotoka, na pikipiki inakuja kinyume kutoka upande wa pili. Kila aliyewahi kuishi mjini amewahi kukoswakoswa hivyo.

Wa tatu ni daladala yenyewe. Mtoto akishuka, huzunguka mbele ya gari ili avuke. Gari lililo nyuma ya daladala haliwezi kumwona, na yeye hawezi kuliona. Gari hilo likichoka kusubiri linapita pembeni, na wanakutana kwenye kona ya bampa. Kwa wanafunzi hali ni ngumu zaidi. Makonda wengi huwakwepa kwa sababu ya nauli yao ndogo, hivyo mtoto akiona gari limesimama ng'ambo mawazo yake yote yanahamia mlangoni: nitawahi au sitawahi? Macho yako kwa konda. Barabara iliyo kati yake na konda haipo kichwani mwake.

Kivukoni, mahali panapotuliza

Sasa rudi Jumapili, mitaa ya Kivukoni. Hapa ndipo penye ofisi za serikali, mahakama, hoteli na benki. Siku za kazi panajaa. Jumapili panabaki miti, walinzi na lami pana. Dereva anayekatiza kuelekea Feri au Barabara ya Barack Obama anapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Anaongeza mwendo kidogo, anabadilisha wimbo redioni. Hajafanya kosa kubwa. Ila katika dakika kumi zilizopita hajaona mtoto hata mmoja, na ubongo wake umeshaanza kuhesabu kwamba watoto hawapo.

Profesa Jeremy Wolfe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha mwaka 2005 jinsi hesabu hiyo inavyofanya kazi. Waliwapa watu kazi ya kutafuta vifaa fulani kwenye picha zilizofanana na za mizigo ya uwanja wa ndege. Vifaa hivyo vilipokuwa kwenye nusu ya picha zote, watafutaji walivikosa kwa asilimia 7. Vilipopunguzwa vikawa kwenye picha moja kati ya 100, walivikosa kwa asilimia 30. Vilikuwa mbele ya macho yao. Walishazoea kutoviona.

Barabara si begi, na asilimia hizo haziwezi kuhamishwa moja kwa moja kutoka maabara hadi Shaaban Robert. Lakini mwelekeo wake unafahamika kwa yeyote aliyewahi kutafuta funguo zilizokuwa mezani muda wote. Jicho hukosa kile ambacho akili imeacha kukitafuta.

Jambo lilelile hutokea pale Feri hata siku za kazi. Kivuko kutoka Kigamboni kikifunga gati, watu humwagika kwa mamia na madereva wote husimama, wapende wasipende. Wimbi hilo likipita, wa mwisho mara nyingi ni walewale: bibi mwenye mzigo, mzee wa fimbo, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni na mwingine mkononi. Wao wanavuka kwa kuwafuata wenzao waliotangulia. Dereva aliyesubiri tayari ameshahesabu kwamba watu wameisha, mguu umeshahamia kwenye mafuta.

Kwa hiyo yule mama wa mwanzo alikuwa sahihi Jumamosi. Jumapili ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa kuachia mkono mahali ambapo dereva naye ameachia akili.

Macho ya mtoto si macho ya mama

Kuna upande wa pili: mtoto mwenyewe anatarajia nini?

Mwaka 2011, John Wann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Royal Holloway, Uingereza, walipima uwezo wa watoto wa shule ya msingi kutambua kwamba gari linawasogelea. Gari linalokuja moja kwa moja kuelekea kwako halihami kulia wala kushoto. Kinachobadilika ni ukubwa wake tu machoni. Watu wazima huusoma mkuo huo vizuri. Watoto, walikuta, hawawezi kuutambua kwa uhakika gari linapokuwa linakwenda zaidi ya takriban kilomita 32 kwa saa. Kwa mtoto, gari la namna hiyo linaweza kuonekana kama limesimama.

Hapo hakuna ukaidi wala uzembe. Ni uwezo wa kuona ambao bado unakua. Kumfokea mtoto "hukuona gari lote hilo?" ni kumuuliza swali ambalo jibu lake la kweli ni hapana.

Halafu kuna zebra. Tunawafundisha watoto kwamba pale penye mistari myeupe magari husimama, na sheria inasema hivyohivyo. Mtoto anaamini. Anakanyaga mstari wa kwanza akiwa ameshamaliza kuangalia, kwa sababu ameambiwa atasimamiwa. Katika jiji ambalo baadhi ya zebra zimefutika na baadhi ya madereva huziona kama pambo, mtoto mwenye imani hiyo yuko hatarini kuliko mwenye wasiwasi. Afundishwe zebra ni mahali pa kuvukia, lakini gari husimama pale tu linapokuwa limesimama.

Kwenye makutano yenye taa, mara nyingi trafiki huongoza magari kwa mkono na taa zikaendelea kubadilika zenyewe. Mtoto akifuata rangi ya kijani huku magari yakifuata mkono wa askari, kila mmoja ana uhakika wake. Mfundishe kwamba akimwona trafiki barabarani, taa hazina kazi, amwangalie askari.

Kisichosubiri dereva aamke

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa jumla watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, kwa mujibu wa ripoti yake ya mwaka 2023. Shirika hilo hushauri mwendo wa kilomita 30 kwa saa mahali wanapochanganyika magari na watu wengi, yakiwemo maeneo ya shule.

Ukifanya hesabu ya mwanzo kwa mwendo huo, utaona kwa nini. Kwa kilomita 30, gari hukata kama mita 8 kwa sekunde. Dereva aliyeshtukizwa kabisa husogea kama mita 12 na nusu kabla ya breki, karibu na zile mita 10 za dereva makini anayekwenda 50. Mwendo mdogo unafidia sehemu kubwa ya kutotarajia. Na mtoto naye anaingia kwenye mwendo ambao macho yake yanaweza kuusoma.

Dar es Salaam ina mfano wake katika hili. Shirika la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI, limekuwa likikagua maeneo ya shule za msingi na kurekebisha vitu vidogovidogo: matuta, njia za waenda kwa miguu, nguzo za kuzuia magari kupanda pembeni, alama, zebra, hata kuhamisha geti la shule lisitazamane na barabara kubwa. Tathmini ya mpango huo ilionyesha mwendo wa magari ukishuka kwa hadi asilimia 60 na majeruhi wakipungua kwa zaidi ya robo. Aprili 2019 mpango huo ulitwaa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, yenye thamani ya dola 250,000 za Marekani.

Tuta lina tabia nzuri moja. Halimwombi dereva atarajie watoto. Linampunguza mwendo hata kama anawaza marejesho ya mkopo.

Kamati za shule zina sauti katika hili kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Ombi la tuta au la kuhamisha geti linaanzia kwenye kikao cha wazazi, kilekile ambacho wengi hutuma msichana wa kazi akasikilize.

Kabla ya kukanyaga lami

Kwa mzazi anayetembea na mtoto, msaada mkubwa ni kuhakikisha mnatarajiwa. Vukeni pale wengine wanapovukia, hata kama ni hatua hamsini zaidi. Subirini wenzenu muwe kundi, na msiwe mkia wa kundi. Simameni ukingoni mahali dereva anapowaona kwa muda kabla ya kuingia, nyosha mkono, na msubiri mpaka mwendo wake upungue. Mtu anayeonekana amesimama anataka kuvuka ameshampa dereva mshale. Anayechomoka mbio nyuma ya Hiace hajampa kitu.

Daladala mliyoshuka iacheni iondoke kwanza. Dakika moja hiyo haijawahi kumchelewesha mtu kiasi cha kusimuliwa.

Acheni pia kauli ya "hakuna gari, kimbia!" Ukimwambia mtoto hakuna gari, umemwelekezea mshale upande wa utulivu. Likitokea, atachelewa kuliko kama usingesema neno.

Badala yake kuna mchezo ambao hauna gharama. Kabla ya kuvuka, muulize, "Mwanangu, hapa kinaweza kutokea nini, na kutoka wapi?" Atasema, "Bodaboda, mama, kutoka kule." Muulize kingine. "Basi la mwendokasi." Kingine? "Yule mwenye toroli." Kwa sekunde chache hizo ameweka kichwani mishale mitatu ya kweli, na macho yake yatakwenda huko yenyewe. Baada ya wiki mbili atakuwa anakuuliza wewe, na atakukamata umeshika simu.

Mzazi mwenye gari naye acheze peke yake. Ukikaribia geti la shule, daladala iliyosimama au Feri wakati kivuko kimefunga gati, toa mguu kwenye mafuta na uuweke juu ya breki bila kukanyaga. Jisemee, hapo atatokea mtoto. Mara tisini na tisa hatatokea, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kila mara asipotokea ubongo utakushawishi uache.

Jumapili, Shaaban Robert, mchezo huo ni mgumu zaidi. Mtoto ataangalia kulia, ataangalia kushoto, atajibu, "Hakuna kitu, mama." Mshike mkono, mwambie aangalie tena kule kwenye kona ya miti.